Nilivyofuata Pinde za Mary Rose hadi Portsmouth

Nimekulia Voi, pembeni mwa Tsavo. Jirani yetu alikuwa mzee wa Kiwaata, watu waliosifika tangu zamani kwa kuwinda tembo kwa upinde na mshale wa sumu. Sisi watoto tulimwita Babu. Alituchongea vipinde vya fito, na kila mtoto akianza kuvuta, Babu alimgonga kiwiko kidogo na kumwambia, "Fika kwanza." Zaidi ya hapo hakueleza.

Oktoba iliyopita, nikiwa masomoni Uingereza, nilipanda treni London Waterloo alfajiri ya Jumamosi kwenda Portsmouth. Safari ni ya saa moja na nusu hivi, na kituo cha mwisho kimejengwa juu ya maji. Ukishuka tu unakutana na harufu ya chumvi, nami nikakumbuka Mombasa. Nilikwenda kwa ajili ya pinde tu.

Mary Rose ilikuwa meli ya vita ya Mfalme Henry wa Nane. Ilizama tarehe 19 Julai 1545 ikipambana na Wafaransa, mfalme mwenyewe akitazama kutoka nchi kavu, na ikalala matopeni miaka 437 hadi ilipoinuliwa mwaka 1982. Ndani yake zilitoka pinde 172 na mishale zaidi ya 3,500. Bila tope lile tungekuwa tunabahatisha tu, maana pinde za vita za enzi hizo ni kama hazikubaki popote pengine.

Nilisimama mbele ya kabati la kioo, kwenye makumbusho ya meli hiyo, nusu saa nzima. Upinde mmoja unakaribia mita mbili, mrefu kuliko mimi. Umechongwa kwa mti wa baridi wenye majani kama sindano, ambao Waingereza huuita yew. Fundi aliacha tabaka mbili za mti huo katika ufito mmoja: mbao nyeupe upande wa nje, inayostahimili kuvutwa, na mbao nyekundu upande wa tumbo, ule unaomwelekea mpigaji, inayostahimili kubanwa. Wataalamu waliopima na kuunda upya pinde hizo wanakadiria nguvu yake kati ya ratili 100 na 185, nyingi zikiwa kwenye 150 au 160. Ratili 160 ni kilo 73 hivi. Ni kama kuvuta mfuko wa saruji na nusu kwa vidole vitatu.

Karibu yake kuna mifupa ya mabaharia. Baadhi yao kile kifupa cha ncha ya bega hakikuungana na bega lenyewe, na wachunguzi wamelihusisha jambo hilo na kuvuta pinde nzito tangu ujana. Hapo nilinyamaza kabisa. Mizani yote ya dunia haiwezi kupima nguvu ya upinde kama mfupa ulivyoipima.

Siku ya pili nilikwenda uwanjani, mashambani Hampshire, ambako wapenzi wa upinde wa kale hukutana Jumapili. Bwana mmoja mwenye mabega kama ya mpagazi wa bandarini alinionyesha upimaji. Aliulaza upinde wake kwenye kichanja, akatia ndoano ya mizani katikati ya upote, yaani kamba ya upinde, akawa anavuta polepole huku akisoma inchi kwenye ubao. Kwenye inchi 28 mizani ilisoma ratili 120. Kwenye inchi 32 ikasoma 140. Upinde ni uleule! Kwa hiyo anayekutajia uzito wa upinde bila kusema umevutwa hadi wapi, amekupa nusu ya habari.

Kisha tukapima kasi kwa kifaa chenye macho mawili ya mwanga. Mshale mzito, gramu 70, ulipita kwa mita 52 kwa sekunde. Mwepesi wa gramu 50 ulikimbia zaidi, mita 58. Nilidhani mwepesi ndio mkali. Tulipopiga hesabu, mzito ulibeba nishati ya jouli 95, na mwepesi 84. Upinde mzito unaukabidhi mshale mzito sehemu kubwa zaidi ya nguvu yake, na mpiganaji aliyekabili mavazi ya chuma alihitaji uzito huo. Mwaata naye alihitaji mshale upenye ngozi ya tembo, sumu ifike kwenye damu.

Mchana ukawa wa shabaha. Walisimika kibendera umbali wa yadi 180, yaani mita 165. Mishale hupaa juu kama tao, huinama, hushuka. Baadaye mtu huzungusha kamba iliyofungwa kwenye kibendera, yenye alama, na mshale ulioanguka ndani ya futi 12 hupata pointi, moja hadi tano kadiri ulivyo karibu. Yule bwana alirusha sita, miwili ikaingia.

Nikatembea majanini hadi kwenye mishale yote sita. Kushoto na kulia haikupishana sana. Ilijipanga kama foleni, mmoja umefika, mwingine umepungukiwa hatua saba, mwingine umepita. Nikamuuliza kama ni upepo. Akatikisa kichwa, akaweka kidole chake kimoja kwenye shavu, chini ya sikio. "Nikiishia hapa badala ya hapa," akasogeza kidole upana wake tu, "mshale unakufa kabla ya bendera."

Alinipa upinde mwepesi, ratili 45. Nikapachika mshale, nikavuta mpaka mkono ukaanza kutetemeka, na nilipokuwa karibu kuachia niliisikia sauti ya Babu kwenye kiwiko changu. Nikavuta tena kidogo, upana wa kidole, hadi upote ukagusa shavu.

"Fika kwanza," nikasema kwa Kiswahili. Yule bwana akauliza ninasema nini, nami nikaachia.