Kuwatoa watoto wadogo nje kucheza kwenye theluji msimu wa sikukuu: ninavyofanya

Mtoto wa miaka mitatu akianza kulia kwenye theluji baada ya dakika kumi, mara nyingi tatizo si hewa bali nguo mbichi. Theluji imemwingia mkononi ikayeyuka, au alitokwa jasho akiwa bado ndani, akitoka likampoa mwilini. Maji huchukua joto la mwili upesi sana kuliko hewa. Ndiyo maana kuanzia kuvisha mpaka kuanika, mimi hupigania jambo moja: mtoto abaki mkavu.

Nguo inayogusa ngozi iwe ya sufu laini au ya poliesta, na imkae mwilini bila kubana. Pamba siigusi kabisa kwa nguo hiyo, hata soksi, kwa sababu hunywa jasho na kukaa nalo. Juu yake navisha sweta ya sufu au ya manyoya bandia, kisha ovaroli ya theluji isiyopitisha maji. Kwa mtoto aliye bado kwenye nepi, ovaroli ya kipande kimoja ni bora maana theluji haina pa kuingilia kiunoni. Kwa aliyeacha nepi juzijuzi nachagua suruali na jaketi, vipande viwili. Akisema anataka kukojoa, una dakika moja tu, na ovaroli nzima haivuliki haraka hivyo.

Mtoto anayebebwa au kuvutwa hupoa kuliko anayekimbia, kwa hiyo namwongezea nguo moja zaidi ya nilizovaa mimi. Kipimo changu ni kisogo: natia vidole chini ya ukosi. Pakiwa na jasho, nguo zimezidi. Pakiwa baridi, turudi ndani. Viganja vya mtoto huwa baridi mapema hata mwili ukiwa na joto, havitoshi kuwa kipimo.

Utaratibu wa mlangoni ndio unaoharibu siku za watu wengi. Wote huenda chooni kwanza. Kisha mimi huvaa kila kitu isipokuwa jaketi, halafu namvisha mkubwa, na mdogo kabisa anakuwa wa mwisho, ili asichemke akingoja. Buti liwe na nafasi ya sentimita moja hivi mbele ya kidole gumba. Soksi ni jozi moja nene. Ukimvika jozi mbili kwenye buti linalobana, unaifukuza hewa inayotunza joto na kuzuia damu isifike vidoleni, na miguu hupoa zaidi. Mpira wa chini wa suruali uje juu ya buti. Glavu ziwe zile ambazo vidole vinne hukaa chumba kimoja, kwa sababu hupashana joto, na ziwe na shingo ndefu. Nazivisha kabla ya jaketi, kisha mkono wa jaketi unashuka juu yake. Skafu ndefu naiacha nyumbani, kwani hunasa kwenye bembea na sleji, kile chombo cha kuteleza juu ya theluji. Kitambaa cha mviringo cha kuvuta mpaka puani kinatosha. Na kukiwa na jua, mashavu hupata losheni ya kukinga jua na macho miwani, maana theluji mpya hurudisha sehemu kubwa ya mionzi.

Mkienda kwa gari, mtoto asifungwe kwenye kiti chake akiwa na jaketi nene. Mkanda utaonekana umekaza, lakini gari likigonga, unene ule husinyaa na mkanda unabaki umelegea. Mfunge akiwa na sweta, kisha mfunike kwa jaketi au blanketi juu ya mkanda. Tena, baada ya theluji nyingi kuanguka, fukua bomba la moshi la gari kabla ya kuwasha injini. Likizibwa na theluji, kaboni monoksidi huingia ndani ya gari, haina harufu, nayo huua. Kamwe siwakalishi watoto ndani ya gari linalonguruma ili wapate joto huku mtu mzima akipiga koleo nje.

Muda wa kukaa nje nauamua kabla ya kutoka. Karibu na sifuri bila upepo, wenye chini ya miaka sita hupata kama dakika arobaini, kisha kinywaji cha vuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai. Kukiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, dakika ishirini zinatosha kwa mara moja. Upepo ni wa kuogopwa kuliko kipimajoto: baridi pamoja na upepo ikifika kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, hivyo siku hiyo tunacheza ndani. Mashavu, pua na masikio nayakagua kila baada ya dakika kumi. Ngozi ikigeuka nyeupe au kijivu na mtoto hasikii ukiigusa, ingieni ndani, mvue nguo mbichi, na sehemu hiyo iloweke kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39. Usiisugue, na kwa vyovyote usiisugue kwa theluji. Hisia zisiporudi, au mtoto akiwa anasinzia na kuongea kwa shida, hapo ni daktari mara moja.

Mchezo wa siku unachaguliwa na theluji yenyewe. Ibinye kiganjani. Ikishikana, kuna maji kidogo ndani yake na mtu wa theluji, yaani sanamu ya mipira ya theluji iliyopandanishwa, atasimama. Ikimwagika kama unga, ni kavu mno, hata ukiihangaikia vipi. Siku hiyo ni ya sleji. Kwa mtu wa theluji anza na donge la ngumi mbili, ulivingirishe ukibadili upande kila mara, la sivyo utapata pipa badala ya mpira. Mpira wa chini uvingirishie palepale utakapokaa, kwa sababu ukifika kimo cha paja la mtu mzima, hausogei tena. Bapaza juu yake, kalisha wa pili, kisha jaza theluji kwenye maungio. Watoto wadogo hawawezi kuvingirisha, lakini kazi hiyo ya kujaza wanaipenda mno.

Kwa sleji natafuta mteremko mfupi wenye uwanda mrefu mwishoni, usioelekea barabara, miti wala maji. Mtoto hukaa, miguu mbele, helmeti kichwani, na chini ya miaka mitano hateremki bila mtu mzima. Kichwa mbele sikubali hata mara moja. Vivyo hivyo kuchimba mapango kwenye marundo yaliyosukumwa na magari ya kuondoa theluji barabarani: theluji ile ni nzito, paa lake huporomoka bila onyo, na mtoto aliyefunikwa huishiwa pumzi haraka.

Tukirudi, nguo huvuliwa mlangoni na kung'utwa. Mabuti nayatoa soli za ndani, nayajaza karatasi za gazeti, na baada ya saa moja nazibadilisha. Glavu nazitundika mdomo ukiwa chini, mbali kidogo na hita, ili hewa moto ipande ndani yake. Kuzilaza juu ya hita huunguza kitambaa na kuiacha bitana mbichi. Kila mtoto ana jozi mbili za glavu. Hapo ndipo ningeweka fedha kabla ya kununua mwanasesere wowote.

Kwa jioni za sikukuu tunatengeneza taa za barafu. Jaza maji ndoo ya plastiki ya lita 10, ukiacha nafasi ya sentimita tano juu, uiweke nje juu ya theluji. Theluji hulinda kitako, hivyo barafu huanzia juu na kwenye kuta. Kukiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, nachungulia baada ya muda wa saa kumi na mbili hivi. Kuta zikiwa na unene wa sentimita mbili au tatu, imeiva. Ukichelewa, utapata gogo zima la barafu na labda ndoo iliyopasuka. Pindua ndoo, mwagia nje yake maji ya bomba, si ya moto, kwani ya moto hupasua barafu. Ikichomoka, kitako kilichokuwa laini sasa kiko juu: kitoboe, mwaga maji yaliyobaki ndani, na hapo una bakuli la barafu. Watoto wapange matawi mabichi kuizunguka. Mshumaa uuwashe wewe, na uusimamishe juu ya kifuniko cha kopo, kwa maana maji yanayoyeyuka hukusanyika chini na kuuzima.