Uji Usije Kupoa

Asubuhi moja mwaka 2021 mama yangu aliniamkia. Nilikuwa naingia chumbani kwake na beseni la maji ya uvuguvugu kama kila siku. Akajiinua kitandani, akajitengeneza kanga kichwani, akasema kwa adabu kabisa: "Shikamoo, dada." Nikaganda mlangoni. Nikiitikia, nimepokea shikamoo ya mama yangu mzazi. Nikinyamaza, nimemvunjia heshima mtu anayeamini kwa moyo wote kuwa mimi ni mkubwa wake. Nikasema marahaba, nikatua beseni, nikaenda kulilia jikoni.

Tunakaa Tanga, Ngamiani, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba. Ugonjwa wenyewe uliingia polepole: chumvi mara mbili kwenye mchuzi, swali lilelile mara kumi kabla ya adhuhuri. Zahanati ya kwanza tuliyokwenda walisema ni uzee tu, tukapoteza karibu mwaka mzima kwa neno hilo. Daktari mwingine ndiye aliyetukalisha chini akatueleza kuwa ni Alzeima, ugonjwa unaosababisha sehemu kubwa ya demensia duniani. Alisema dawa ya kuuponya bado haijapatikana, na akatuonya tusibishane na mgonjwa. Mimi ni mbishi, hilo la mwisho lilinitesa kuliko yote. Jua likianza kuchwa mama hukusanya kanga zake kwenye fuko na kusema, "Nirudisheni kwetu, mama ananingoja." Bibi alifariki mwaka 1974. Mwanzoni nilikuwa namwambia hivyo, naye alilia msiba upya, jioni baada ya jioni, mpaka nikajifunza kusema, "Haya, tukae kidogo jua lipoe kwanza."

Usiku mmoja alifungua komeo mara tatu akitaka kutoka. Mara ya tatu nilimfokea. Maneno niliyotumia sitayaandika. Alinitazama kama mtoto aliyechapwa asijue kosa lake. Nilipomrudisha kitandani sikupata usingizi, nikachukua daftari la shule la mwanangu, nikaanza kuandika. Kwanza niliandika kama barua, kurasa tatu za kulalama, na kila nilivyoandika ndivyo nilivyozidi kuchemka. Nikazichana.

Kisha nikajaribu shairi. Babu mzaa mama alikuwa mtunzi wa hapa hapa Tanga, akipeleka mashairi yake magazetini, na mama alifundishwa kuhesabu mizani kwa pingili za vidole kabla hajaenda shule. Nami alinifundisha hivyohivyo, tukichambua mchele. Mshororo una vipande viwili, kila kipande mizani nane, vina vya kati na vya mwisho vioane; mizani ikipungua, hilo huitwa guni. Saa tisa ya usiku, nikiwa nimeshika pingili ya tano nikitafuta neno la mizani tatu linaloishia na "ni", niligundua kwamba mikono imeacha kutetemeka. Hasira ilikuwapo bado, ila ililazimika kukaa foleni, iingie silabi moja moja. Hadi adhana ya alfajiri nilikuwa na ubeti mmoja tu:

*Waniuliza u nani, miye uliyenizaa,*
*Nimeketi ubavuni, mkono nimekutwaa,*
*Jina langu kinywani, siku hizi lakataa,*
*Kunywa uji wako mama, uji usije kupoa.*

Kibwagizo hicho kilitokana na shida ya kweli. Mama alikuwa ameanza kukataa chakula. Uji wake wa pilipili manga, aliokuwa akiupenda tangu zamani, ulikuwa unapoa kikombeni mpaka unaota ngozi juu, naye akiangalia dirishani.

Siku hiyo nilipompelekea kikombe nilimsomea, kwa sauti ya kughani kama alivyokuwa akighani yeye. Nilipomaliza mshororo wa tatu akakunja uso. "Guni," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. "Unasemaje, mama?"

"Hilo guni. Kinywani." Akanyoosha kidole gumba, akapita pingili moja moja: ji, na, la, ngu, ki, nywa, ni. Saba. Akanitazama kwa ule ukali wake wa zamani wa kusahihisha. "Mdomoni," akasema.

Nilihesabu. Nane. Mwanamke ambaye asubuhi hiyo hakujua kama ni Jumatatu au ni Ramadhani, ambaye jina langu lilikuwa limempotea, alikuwa amekamata mizani moja iliyopungua na kuijaza. Nikakata "kinywani" kwa kalamu nyekundu mbele yake, na ubeti huo mpaka leo una neno lake ndani.

Baadaye daktari alinieleza kwamba yale tuliyojifunza utotoni kwa kurudiarudia, hasa yenye mdundo, mara nyingi hukaa muda mrefu baada ya habari za jana kufutika. Kwangu mimi maelezo hayo yalikuwa ramani. Nikaacha kumuuliza "unanikumbuka?" nikaanza kumghania. Kikombe mkononi, naanza, "Kunywa uji wako mama...", halafu nanyamaza. Yeye anamalizia, "...uji usije kupoa," na akishasema hivyo anakunywa, kama aliyejiamuru mwenyewe. Si kila siku. Ila siku nyingi kiasi cha kumrudishia mwili kidogo.

Nilikosea mara moja, tena vibaya. Wageni walikuja, mashoga zake wa zamani, nikataka waone kwamba bado yumo. Nikamwomba aghani utenzi wa Mwana Kupona, ambao aliujua kwa moyo tangu usichana. Alianza, akapotea, akaanza tena, akapotea, machozi yakamtoka mbele za watu. Nilikuwa nimemgeuza mtahiniwa. Tangu hapo sijamwomba; nikitaka kusikia, naanza mimi chini chini nikipanga nguo, akipenda anadakia.

Utenzi ule nimeurudia mwenyewe, sasa kwa sikio jingine. Mwana Kupona wa Siu aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ampe bintiye Mwana Hashima maneno ya kuishi nayo: mama mgonjwa akimtungia mwana. Katika nyumba yetu mambo yamepinduka, mwana ndiye anayemtungia mama. Daftari langu lina beti zaidi ya sitini, nyingi za mambo ambayo sikuwahi kudhani yanatungika. Zipo za nepi. Upo mmoja wa harufu ya mkojo kwenye godoro, na mwingine ambamo nakiri kwamba kuna usiku niliomba Mungu amchukue. Huo wa mwisho sikuweza kumwambia mtu yeyote kwa mdomo. Niliutuma kwa kaka yangu, anayefanya kazi Muscat, ambaye miezi yote hiyo alikuwa akituma fedha na ujumbe wa "mwangalieni mama vizuri".

Alikaa kimya siku mbili. Kisha akanijibu kwa beti mbili, mizani imevunjika kila mahali, vina vya kulazimisha, akieleza jinsi anavyoogopa kupiga simu asije akaulizwa yeye ni nani. Kumbe tulikuwa na hofu moja, yeye kule na mimi huku. Sasa hupiga kila jioni, saa ile ya fuko la kanga, na badala ya maswali humghania mama beti za babu. Mara nyingi fuko linabaki chini ya kitanda.

Ugonjwa unasonga mbele. Maneno yake yamepungua sana mwaka huu. Kibwagizo kilikuwa nusu mshororo mzima, kikawa "usije kupoa", na leo asubuhi nilipoanza na kunyamaza nilingoja muda mrefu sana, nimeshika kikombe kwa mikono miwili kisipoe. Midomo ilicheza. "Poa," akasema, akafungua kinywa.