Bahasha ya mjomba ilifika Hamburg ikiwa na gramu 69

Nilijua kabla sijaifungua. Bahasha ya khaki aliyoituma mjomba kwa rejista kutoka Lindi ilikuwa nyepesi mno mkononi, na kwenye pembe moja gundi ilikuwa imekauka mistari miwili, kama kitu kilichofungwa, kikafunguliwa, kikafungwa tena. Nikaiweka kwenye mizani ya jikoni, ile ninayopimia unga wa maandazi. Gramu 69. Risiti ambayo mjomba alinitumia picha yake siku ile ilisema gramu 156.

Ndani mlikuwa na barua yake, kipande cha kanga ya marehemu bibi, na katika mkunjo wa kanga, sarafu moja ndogo ya shaba. Zilipaswa kuwa 9.

Bibi alifariki mwaka jana, Mingoyo. Baada ya arobaini mjomba mkubwa, ambaye kwetu ndiye mwenye neno la mwisho kwenye mambo ya ukoo, aliwakalisha ndugu akagawa vilivyobaki. Mimi nikaachiwa sarafu za Mjerumani. Hakuna aliyebisha, maana wote wanakumbuka jinsi nilivyokuwa nikimsumbua bibi likizo za shule. Tukishakula ming'oko jioni, nilikuwa namng'ang'ania mpaka avute kopo la maziwa ya unga kutoka chini ya kitanda na kuzimwaga mkekani. Rupia za fedha zenye sura ya Kaiser Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Sarafu mbili za hela 5, za mwaka 1908 na 1909, kubwa, nzito, pana kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Halafu zile hela moja moja, ndogo. Babu yake bibi alilipwa rupia hizo kwenye mashamba ya mkonge, na nyingine zikaishia kwenye kodi ya nyumba, ambayo Wajerumani walianza kuitoza mwaka 1898. Baadhi ya zilizobaki mama yake bibi alizitoboa akazivaa shingoni.

Watu wengi nyumbani hawajui kwamba neno hela ni sarafu hiyo. Kabla ya 1904 rupia moja ya Wajerumani ilikuwa pesa 64, kwa mahesabu ya Kihindi. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikaigawa upya kuwa Heller 100, na midomo yetu ikaigeuza hela. Heller yenyewe ilikufa. Vita vikaisha, Mwingereza akaleta shilingi, lakini Lindi sokoni hadi leo mtu anakuuliza, "Una hela?" Mimi nimeishi Hamburg miaka 11 na sijawahi kumsikia mtu hapa akiitaja Heller anapolipa kitu. Na sarafu nyingi kati ya zile zilitengenezwa hapa hapa. Zenye herufi ndogo J zilipigwa kwenye kiwanda cha sarafu cha Hamburg, zenye A zilitoka Berlin. Sarafu zote mbili za hela 5 za bibi zilikuwa na J.

Ndiyo sababu nilizitaka. Binti yangu yuko darasa la tatu, amezaliwa hapa, na siku moja aliniuliza kwa nini mimi na baba yake tukiongea habari za fedha tunasema hela wakati walimu wake hawalijui neno hilo. Nilitaka aishike mkononi. Kitu kilichotoka kwenye mji anaoishi, kikavuka bahari mpaka Lindi, kikalala kwenye kopo chini ya kitanda cha bibi yangu kwa miaka na miaka, kikarudi.

Kosa letu lilianzia kwenye karatasi. Mtanzania mwenzangu hapa alinishauri kwamba zawadi inayotoka nje ya Umoja wa Ulaya ikizidi euro 45 inatozwa ushuru, kwa hiyo tusiandike sarafu. Kiwango hicho ni cha kweli. Ushauri ndio uliokuwa mbaya, na mimi niliupokea nikamwambia mjomba. Mzee wa miaka 74, mtu ambaye hajawahi kuandika uongo kwenye karatasi ya serikali, akaandika kwenye fomu ya forodha "kitambaa, zawadi" kwa sababu mimi, mpwa wake wa Ulaya, nilimwambia ndivyo inavyofanyika. Hilo linaniuma kuliko sarafu zenyewe.

Tena alizifunga pamoja ndani ya kanga, zikigongana. Mtu yeyote aliyeipapasa ile bahasha alisikia duara ngumu chini ya vidole, na akiitikisa alisikia mlio. Sarafu zikisafiri zinatakiwa kila moja ibanwe peke yake kati ya kadi mbili ngumu, zisicheze, kisha bahasha iingie ndani ya kiboksi. Na haziendi kwa barua ya kawaida. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani, ambao makao yake ni Bern, zinakataza sarafu na noti kwenye barua zisizo na bima. Baadhi ya nchi zinaruhusu rejista, nyingine zinataka bima yenye thamani iliyotamkwa. Ni swali la kuulizwa dirishani kabla ya kufunga bahasha, pande zote mbili, anakotoka na anakokwenda.

Nilikaa siku 9 bila kumwambia. Kila nikishika simu naona uso wake. Siku ya 10 nikapiga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Zimefika?"

Nikamweleza. Kukawa kimya, nasikia redio ya jirani yake na pikipiki ikipita. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Bahasha unayo bado?" Nikasema ninayo. "Usiitupe. Na kanga usiifue."

Mjomba alikuwa karani wa chama cha ushirika enzi za korosho kupimwa kwa mizani ya kuning'inia. Anajua mizani inasema nini. Kesho yake alikuwa posta na risiti yake, akajaza fomu ya kuulizia. Hapo wengi wetu tunachelewa: maulizo ya kimataifa yanapokelewa ndani ya miezi 6 tangu siku ya kutuma, na mara nyingi mtumaji ndiye anayetakiwa kuyafungua, kwa sababu risiti iko kwake. Ile namba ya herufi mbili, tarakimu 9 na TZ mwishoni ndiyo njia pekee ya kuufuata mzigo kituo kwa kituo. Mimi huku nilipiga picha bahasha pande zote, nikapiga picha ile gundi, nikaiweka tena kwenye mizani na kupiga picha namba. Kisha nikaenda polisi, wakafungua jalada dhidi ya mtu asiyejulikana.

Usiku nilikaa na kalamu. Rupia moja ina gramu 11.66. Tatu ni kama 35. Sarafu moja ya hela 5 ni gramu 20, mbili ni 40. Hela moja ni gramu 4, na zilikosekana tatu, 12. Jumla 87. Toa kwenye 156, unabaki na 69. Mizani ya maandazi ilisema hivyo hivyo, mpaka gramu ya mwisho. Nilifurahi dakika moja, kweli nilifurahi, kana kwamba nimezipata. Hesabu ilionyesha kwamba ziliondoka Lindi ndani ya bahasha, mjomba hakusahau kitu, na mkono ulioingia uliingia njiani. Wapi, siwezi kusema, na sitamtuhumu mtu wa nchi yoyote kwa kukisia.

Jibu la maulizo lilikuja baada ya wiki nyingi. Kilichoandikwa kwenye fomu ni kitambaa, na kitambaa kimefika. Nimelisoma mara nyingi na sina la kubishana nalo.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutafuta. Mbili kati ya rupia zilizoibwa zina tundu, na mfanyabiashara wa sarafu za zamani niliyemwendea hapa aliniambia tundu linashusha bei lakini ni kama alama ya kuzaliwa, hakuna mbili zinazofanana. Tatizo, hatukuwa na picha ya maana. Dada yangu alipata moja kwenye simu yake ya zamani, ya siku ya Idi, bibi amekaa barazani na kopo mapajani. Rupia moja inaonekana, tundu liko juu ya kofia ya Kaiser, upande wa kushoto kidogo. Hiyo ndiyo ninayoilinganisha kila jioni na zinazouzwa mtandaoni. Mara moja moyo uliniruka. Tundu lilikuwa kulia.

Binamu yangu wa Kilwa Masoko, kwa huruma, alitaka kunifariji. Akanitumia ujumbe kwamba anamfahamu kijana mwenye visarafu vya shaba vilivyookotwa Kilwa Kisiwani, vile vya masultani, jina upande mmoja na maneno yenye vina upande wa pili. Angenitumia viwili. Nilimpigia muda ule ule. Nilimwomba asivinunue, asivitume, na amwambie kijana avipeleke kwa watu wa Mambo ya Kale. Sheria yetu ya mwaka 1964 inavilinda vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya 1863, navyo ni vya karne nyingi kabla ya hapo. Sikuwa nikiogopa posta tu. Mimi ninayelia kwa sababu kitu cha bibi yangu kimetolewa ndani ya kanga yake siwezi kupokea kitu kilichotolewa ndani ya ardhi ya watu wa Kilwa.

Ile sarafu moja iliyobaki ni hela yenye J. Binti yangu aliipeleka shule imefungwa kwenye leso. Mwalimu alikuwa hajawahi kuiona. Watoto waliipitisha mkono kwa mkono na yeye akasimama mbele akalitamka neno, hela, nao wakalitamka.

Kwenye kopo kule Mingoyo zimebaki rupia mbili ambazo hazikutumwa, moja nzima na moja yenye tundu. Mjomba aliuliza kama amsubiri mtu wa kusafiri nazo. Nikamwambia zibaki, Desemba tutakuja sisi. Wiki iliyopita alizichukua mwenyewe akapanda gari mpaka Lindi mjini kwa sonara, akazipimisha kwenye ule mzani mdogo wa dhahabu, akapiga picha kila upande, na rula kando yake. Akanipigia akiwa bado dukani.

"Andika, mama. Nzima, kumi na moja nukta sita. Yenye tundu, kumi na moja nukta tatu. Umeandika?"

"Nimeandika, mjomba."

"Nisomee."

Nikamsomea.