Brashi ya ndevu ilivyochovywa kama rasta

Nilifungua begi langu Ijumaa usiku nyumbani kwa dada yangu, Kaloleni, Kisumu, nikaikuta brashi ya kunyolea ndevu imelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Kosa ni langu. Nilikuwa nimenyoa alfajiri Nakuru, nikaitupa ikiwa bado mbichi chini ya viatu, kisha matatu ikapanda Mau Summit na kuteremka Kericho na gunia la viazi la mtu juu ya begi.

Ni brashi ya nywele za plastiki. Za nguruwe kwetu haziingii ndani, na za wanyama wengine bei yake ni ya watu wengine. Hii yangu si ghali, lakini tuko pamoja mwaka wa nne sasa. Kabla yake nilikuwa napaka sabuni kwa vidole, na shingo ilijaa vipele hadi nikaogopa kola.

Usiku ule nikailowesha maji ya bomba, nikaikusanya, nikaifunga raba bendi, nikalala. Asubuhi kuifungua, ikasimama kidogo, halafu ikajilaza palepale.

Dada yangu ni msusi. Jumamosi ile alikuwa barazani akimalizia kichwa cha mteja, thamosi na bakuli la maji moto miguuni, anachovya ncha za rasta, zile nywele za bandia za kusukia. Akaniona nimeshika brashi.

"Kaka, hizo si rasta tu? Lete."

"Rasta zinanyoa ndevu?"

"Plastiki ni plastiki."

Nikanyamaza, kwa sababu alikuwa na haki. Rasta zikichovywa, plastiki inalegea. Zikipoa, zinabaki na umbo zilizoshikiwa. Ndivyo wanavyopata hata zile za mawimbi, kwa kuzizungushia vibanio kwanza. Nailoni na jamaa zake huanza kulegea kwenye nyuzijoto 50 hivi. Raba bendi yangu ilikuwa imeshika kitu baridi usiku kucha. Ningeweza kuiacha mpaka Idi.

Hapo ndipo nami nilipopata la kumfundisha, maana alishainua thamosi amimine. Nikamshika mkono. Rasta hazina gundi; brashi inayo. Nywele zake zimeshikwa ndani ya mpini kwa gundi, na maji ya kuchemka yakiilegeza utabaki na mpini mkononi na manyoya kwenye bakuli. Tukachanganya kikombe kimoja cha maji yaliyochemka na kimoja cha bomba, ikawa kama nyuzijoto 60. (Nisidanganyike nikirudi kwangu: Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, maji huchemka yakifika kama 94, na hayo bado ni moto mno kwa gundi.)

Kwanza lakini tuliiosha. Sabuni ya miezi ilikuwa imegandia shinani, nyeupe kama chokaa, na ndiyo iliyokuwa ikizifunga nywele katika ule upinde. Kijiko cha siki kwenye kikombe cha maji vuguvugu, dakika tano, kisha kitana chembamba cha dada. Nadhani hiyo peke yake ilikuwa nusu ya kazi, ingawa dada hakubali.

Kisha ikaingia kwenye maji moto hadi karibu na mpini, dakika mbili. Akaikung'uta, akaichana, akaiviringishia utepe wa leso kuukuu kuanzia shinani kwenda juu. Ukianzia nchani unazikunja tena. Hakukaza sana. Ikiwa imefungwa hivyo hivyo akaitumbukiza kwenye maji baridi, akaitundika kichwa chini kwenye kamba ya nguo.

"Usiiguse mpaka adhuhuri."

Niliigusa mara mbili. Baada ya swala nikaifungua: imesimama, imejaa, isipokuwa kishungi kimoja upande wa kushoto ambacho hadi leo kinachomoza. Povu halijali.

Jumapili nilirudi Nakuru na brashi mfuko wa shati, kavu, imevikwa kile kigogo cha karatasi kinachobaki tishu ikiisha. Abiria wa pembeni aliitazama kutoka Ahero mpaka Kericho, asiulize kitu. Dada naye amenitumia ujumbe: kuchovya ni shilingi hamsini, na leso yake bado ninayo.