Siku Moja Maishani Mwangu: Kuongoza Baisikeli kutoka Thika hadi Sagana

Kazi yangu ni kuwaongoza waendesha baisikeli katika barabara za lami za Kiambu, Murang'a na Kirinyaga, na njia inayoombwa zaidi ni ya kutoka Thika hadi Sagana kupitia Kenol, Maragua na mji wa Murang'a, takriban kilomita 70. Anayeitazama kwenye ramani hudhani ni mteremko mtupu, maana Thika iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na Sagana karibu mita 1,200. Asichokiona mapema ni kwamba mito ya upande huu hutoka milima ya Aberdare na kuelekea mashariki, ilhali sisi tunakwenda kaskazini. Kila mto hauna budi kuvukwa, na kila mto umejichimbia bonde lake.

Saa kumi alfajiri. Taa ya karakana huwaka kabla ya jiko, kwa kuwa napenda kukagua baisikeli wakati hakuna anayeniharakisha. Leo nina wageni wanne: mzee aliyestaafu kazi ya benki, dada wawili wanaoishi Ruiru, na kijana wa chuo kikuu anayetumia baisikeli yetu ya kukodi. Nazungusha kila gurudumu nikitazama kama limepinda, nagusa spoki moja baada ya nyingine nikitafuta iliyolegea, kisha napima upepo. Mzee ni mzito kuliko wenzake, hivyo matairi yake ya milimita 28 hujazwa zaidi. Ya kijana nayapunguza kidogo ili yasimrushe penye mashimo.

Tairi la nyuma la baisikeli ya kijana limeishiwa upepo usiku kucha. Nalivua, napitisha kitambaa cha pamba ndani yake polepole, na upande wa pili wa valvu kitambaa kinanasa. Ni kipande cha waya wa chuma kisichofika nusu ya punje ya mchele. Waya za namna hii hutoka kwenye matairi ya malori yanayopasuka barabara kuu, nazo husukumwa hadi ukingoni, mahali hasa ambapo mwendesha baisikeli hulazimika kupita. Anayeziba tyubu bila kuutoa waya ataiziba tena kabla hajafika Kabati. Nauvuta kwa koleo ndogo, napapasa tena kwa kidole kuhakikisha hakuna mwingine, natia tyubu mpya, na ile ya zamani naibandika kiraka na kuiweka kwenye mkoba wa akiba.

Saa kumi na mbili asubuhi tunakutana nje ya hoteli ya Blue Posts, ambayo imekuwepo tangu 1908 kati ya maporomoko ya mto Chania na yale ya mto Thika. Maji yanasikika lakini hatuna muda wa kuyatazama. Natoa maelezo yale yale ninayowapa wote: tutakwenda mmoja nyuma ya mwingine, anayeona shimo aonyeshe kwa mkono, na penye mteremko kila mtu aache nafasi mbele yake na mikono isitoke kwenye breki. Mzee anauliza kama ni lazima kusisitiza hivyo. Namjibu kwamba Suleiman Kangangi, mmoja wa waendeshaji hodari waliowahi kutoka Kenya, alifariki Agosti 2022 kwa kuanguka akiwa katika kasi kubwa kwenye mashindano ya Vermont, Marekani, na yeye alikuwa mtu wa kazi hiyo kila siku. "Basi kocha, tumekuelewa," anasema, na anakaza mkanda wa helmeti.

Kuanzia hapo hadi Kenol ni barabara kuu, na sitaificha: ndiyo sehemu nisiyoipenda. Malori yanaelekea Nyeri na Meru, matatu zinaingia na kutoka vituoni bila taarifa, na upepo wa gari kubwa unaweza kumsogeza mtu mwepesi hatua nzima. Ndiyo maana tunaondoka mapema, kabla magari hayajawa mengi. Kuna malipo yake, hata hivyo. Mashamba ya mananasi yametandazwa pande zote, Kilimambogo umesimama kulia kwetu, na asubuhi kavu kama ya leo Mlima Kenya huonekana mzima mbele, hadi kilele chake cha mita 5,199, kabla mawingu hayajaufunika.

Saa moja na nusu tunafika Kenol, tunakunywa chai ya maziwa na kula mandazi tukiwa tumesimama, kisha tunakata kushoto kuacha barabara kuu. Kelele hupungua papo hapo. Barabara ya Murang'a ni nyembamba, inapinda, na kila kituo cha biashara kina matuta yake, mengine yamepakwa rangi na mengine hayana alama yoyote, kazi yangu mbele ya msafara ni kuinua mkono na kupaza sauti, "Tuta!", hadi koo linikauke. Tunapita Saba Saba, tunashuka, tunapanda, tunashuka tena. Huku chini ni eneo la maembe na ndizi. Ukitazama kushoto unaona kahawa ikianza, na juu zaidi, kwenye ukungu, ndiko chai inakolimwa. Mama mmoja anayepanga mikungu ya ndizi kando ya barabara Maragua anatutazama matairi, anacheka, na kuuliza, "Mnaenda wapi na vigurudumu vyembamba hivyo?" Dada mkubwa anamjibu, "Sagana, mama." Anatuuzia ndizi za kiganja kizima na kutuongezea mbili za bure, labda kwa kutuhurumia.

Baada ya Maragua ndipo njia hii inapojieleza. Barabara inaporomoka kuelekea mto Maragua kwa kona mfululizo, na wageni wengi hushuka kwa gia nzito wakifurahia kasi. Darajani bado wako kwenye gia ile ile. Mlima unaanza mita chache mbele, nao wanalazimisha gia kubadilika huku wamekanyaga pedali kwa nguvu zote. Mnyororo unalia, unaruka, na wakati mwingine unakatika. Kwa hiyo nasimama kabla ya kona ya mwisho na kuwaambia tena: gia nyepesi iingizwe mkiwa bado mnateremka, wakati miguu haina kazi, na mfike darajani mkizungusha haraka. Kijana ananitii. Mzee pia. Dada mdogo, ambaye ana nguvu kuliko sote, anapita kwa gia nzito bila shida yoyote na kutusubiri juu, jambo linalonikumbusha kwamba kanuni zangu zimetungwa kwa ajili ya watu wa kawaida.

Darajani tunapumzika kidogo. Wakati wa mvua maji haya huwa mekundu kwa udongo wa mashambani, lakini sasa ni kiangazi na mawe ya chini yanaonekana. Nawaeleza kwamba huko juu milimani sehemu ya maji ya mafuriko ya mto huu, pamoja na ya Irati na Gikigie, hupitishwa kwenye handaki hadi bwawa la Ndakaini, na kutoka huko hupelekwa Nairobi. Mzee anatikisa chupa yake na kusema kwamba kumbe ameyabeba maji ya Murang'a kutoka bomba la nyumbani kwake.

Saa tatu na nusu tunaingia mji wa Murang'a, ambao katika enzi ya ukoloni uliitwa Fort Hall. Mji uko juu ya mgongo wa kilima kati ya Maragua na Mathioya, hivyo hakuna anayeufikia bila jasho. Siruhusu wageni wapite bila kuona michoro ya kanisa kuu la Kianglikana, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Ilichorwa katika miaka ya 1950 na Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, ambaye aliyaweka maisha ya Yesu katika mandhari ya Murang'a: vilima ni hivi hivi, na watu ni Waafrika. Mtu aliyetoka kuvipanda vilima hivyo kwa miguu yake huitazama michoro hiyo kwa namna ambayo aliyeshuka kwenye gari hawezi. Dada mkubwa anakaa kimya muda mrefu mbele ya ukuta, kisha anauliza kama bonde lililochorwa pale ni lile tulilolivuka. Namwambia kwamba kila mgeni humchagulia mchoraji bonde lake.

Tunaondoka saa nne na nusu, nimechelewa kidogo kwa hesabu yangu, na jua limeanza kuchoma. Mteremko wa kwenda mto Mathioya ni mfupi na mkali, daraja linapitwa, na mlima wa upande wa pili ndio wa mwisho wenye kuumiza. Hapo kijana anaanza kuyumba. Dalili naijua: ameacha kunywa maji na ameacha kuzungumza. Nasogea ubavuni mwake, nampa ndizi na chumvi kidogo, namwambia, "Ndugu yangu, tazama gurudumu langu tu, usitazame juu," na tunapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Juu hali ya nchi inabadilika, vilima vinalegea, hewa inakuwa ya joto na kavu, na barabara inaelekea mto Sagana, unaotenganisha kaunti za Murang'a na Kirinyaga.

Saa sita na nusu mchana tuko Sagana. Tunakula ugali, sukuma wiki na tilapia. Samaki ni chakula cha kawaida hapa, na serikali ina kituo cha zamani cha kufuga samaki papa hapa. Maji tunayoyatazama tukila ndiyo sehemu ya juu ya mto Tana. Mathioya na Maragua tulizozivuka zinajiunga nayo huko chini, kisha mto unaingia bwawa la Masinga na kupita Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, unaendesha mitambo ya umeme, na baada ya Garissa na Garsen unamwagika baharini karibu na Kipini, safari ya takriban kilomita 1,000. Kijana, ambaye sasa amepata rangi, anauliza kama kuna mtu anayeweza kuufuata wote kwa baisikeli ya lami. Namjibu kwamba lami ingemwacha mapema, na matairi yale yangemwacha mapema zaidi.

Saa nane na nusu tunapakia baisikeli kwenye gari. Huulizwa mara nyingi kwa nini turudi kwa gari ilhali barabara kuu ya Sagana hadi Kenol imepanuliwa na ina ukingo mpana. Ukingo upo, ni kweli, lakini alasiri hakuna kivuli, barabara inapanda polepole bila kukoma hadi Kenol, na bodaboda huutumia ukingo huo huo zikija kwa upande usio wao. Aliyechoka hufanya uamuzi mbaya hapo.

Saa kumi na moja jioni naosha minyororo kwa brashi na mafuta ya taa, nakausha, natia oili tone moja kwa kila pingili, na kuandika kwenye daftari kwamba breki ya mbele ya baisikeli ya kukodi inahitaji pedi mpya. Mambo haya hayapendezi kusimulia, ila huchukua karibu saa mbili.

Saa mbili usiku baba mmoja ananitumia ujumbe: anataka kuja Jumamosi na binti yake wa miaka kumi na miwili, na ameambiwa njia ya Murang'a ni mteremko. Namwandikia kwamba tuanzie Makutano badala yake, tuzunguke Mwea kando ya mashamba ya mpunga na mifereji inayoleta maji ya mto Thiba, mahali ambapo ardhi ni tambarare kweli. Anauliza kama Mwea pana mito. Namjibu kwamba ipo, ila huko madaraja hayafuatwi na mlima, na kwamba aje na kofia ya jua ya mtoto na chupa mbili za maji kwa kila mmoja. Tumekubaliana saa moja asubuhi.