Kurudi kuruka viunzi kwa farasi baada ya kuvunjika nyonga au mtulinga

Eksirei ikishaonyesha mfupa umeunga, wapanda farasi wengi hutaka kutandika siku hiyohiyo. Ni mapema mno. Mtulinga (mfupa wa mbele kati ya bega na kifua) wa mtu mzima huchukua wiki 6 hadi 12, nyonga mara nyingi huchukua muda mrefu zaidi, na muda wote huo misuli ya upande ulioumia inanywea. Ukipanda hivyo unakaa kombo, farasi naye analalia lijamu upande mmoja, na mbele ya kiunzi mnapinda wote wawili.

Jipime kwanza nyumbani. Weka mizani miwili ya uzito ubavu kwa ubavu, simama mguu mmoja kwenye kila mzani ukitazama mbele, mwenzako asome. Tofauti ikizidi kilo 5, mimi nasema bado. Kisha simama kwa mguu mmoja sekunde 30 bila kushika kitu, ubadilishe. Aliyevunjika mtulinga aweze kuinua tandiko hadi usawa wa bega bila kuinamia upande. Na tafadhali, bega likiwa bado kwenye kitambaa, usipande bodaboda kwenye barabara za makorongo. Mtikisiko huo unaweza kuusogeza mfupa.

Kichwa kina sheria yake. Ukizimia, ukitapika au ukisahau namna ulivyoanguka, nenda hospitali mara moja, hata kama ni safari ndefu. Ukipona, kila hatua ya mazoezi ipewe angalau saa 24, na kichwa kikiuma shuka hatua moja. Pigo la pili kabla ubongo haujapona linaweza kuua. Kofia iliyopigwa itupwe hata kama haina ufa: povu la ndani likishabonyea halikulindi tena.

Farasi aliyekaa malishoni miezi 3 naye hayuko tayari. Mtu mwingine amtembeze wiki 4, akianza na dakika 20, troti (mwendo wa mchapuko) ije baadaye. Wewe anza kwa kamba ndefu, mzoefu akiishika, duara la mita 20, dakika 15 tu, na upande kwa kutumia kipandio ili nyonga isivutwe. Kabla ya troti, jizoeze kutoa miguu yote kwenye vikuku na kushuka haraka. Baadaye zije nguzo zilizolazwa chini, ziachane kama mita 1.3, halafu kiunzi cha sentimita 60. Maumivu yakidumu hadi kesho yake, rudia hatua ileile. Kumeza dawa ya maumivu ili uweze kupanda ni kujiziba masikio.

Saa nazo zina maana huku kwetu. Asubuhi za Juni na Julai, Mufindi na Njombe, kusini mwa Tanzania, baridi humfanya farasi awe mkali na mgongo wako mgumu, subiri jua. Wakati wa mvua udongo mwekundu huteleza, na jioni farasi awe bandani mapema kwa sababu ya visubi waenezao ugonjwa hatari wa farasi. Ukungu nao huozesha nyuzi za mikanda ya vikuku ndani ya stoo. Ivute kwa nguvu zote kabla ya kupanda, na tia mafuta kile chuma kinachoishikilia ili mkanda uchomoke ukianguka, usiburutwe.

Laura Collett, mpanda farasi wa Uingereza, alianguka 2013, akawa katika koma siku 6 na kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia. Alishinda mashindano ya farasi ya Badminton, Uingereza, 2022. Miaka 9 ilipita katikati, basi usiharakishe: shindano lako la kwanza jiandikishe sentimita 20 chini ya kimo ulichozoea, raundi moja tu.