Ninavyoingia kwenye nyumba zenye mbwa mkali

Kazi yangu ya kusoma mita za maji inanipitisha nyumba kwa nyumba, na mjini nyumba nyingi zina mbwa. Kibao cha "MBWA MKALI" getini sikitegemei. Kuna nyumba kibao kipo na mbwa alishakufa zamani, na kuna nyumba haina kibao lakini nyuma ya tenki amelala jike mwenye watoto.

Kabla ya kushika komeo nabisha geti kwa sarafu, napiga hodi kwa sauti, kisha nasubiri kama nusu dakika. Mbwa akiwepo atakuja upande wake wa geti, tujuane bati likiwa katikati. Anayeshtukizwa usingizini, akila au akinyonyesha anaweza kuuma bila kubweka hata mara moja.

Mwenyeji akiniambia "Ingia tu, huyu haumi," siingii. Haumi watu wa nyumbani. Mimi ni mgeni. Namjibu, "Shikamoo mama, naomba umfunge kwanza," na nabaki nje hadi nimwone kwa macho yangu amefungwa. Kisha naangalia ardhi. Mbwa anayefungwa mahali pamoja kila siku hukanyaga na kuparua mpaka nyasi zinaisha, udongo unabaki mtupu na duara linajichora lenyewe. Ukingo wa duara hilo ndio mwisho wa mnyororo wake, nami napita hatua mbili nje yake. Kama mnyororo unateleza kwenye waya uliofungwa toka mti hadi ukutani, eneo lake ni refu zaidi, na mita ikiwa ndani ya eneo hilo mbwa ahamishwe au nirudi siku nyingine. Naangalia pia kulabu inayoshika kola. Iliyoliwa na kutu haikatiki mbwa akiwa amelala, hukatika siku anayoruka kwa nguvu zake zote.

Wenzangu wengi wanaogopa kelele. Mimi namwogopa zaidi aliyenyamaza: kasimama kakakamaa, mdomo kaufumba, mkia uko juu haupepei, manyoya ya mgongoni yamesimama na macho hayabanduki kwako. Huyo hatua inayofuata ni kuruka. Anayebweka huku akisogea na kurudi nyuma bado anapima, ingawa ukimpa mgongo anaweza kukudaka kisigino.

Akija, sikimbii, maana humshindi mbwa mbio na kukimbia kwenyewe kunamwita. Nasimama ubavu, mikono chini na vidole nimevikunja, namtazama miguuni badala ya machoni, halafu narudi nyuma polepole hadi getini. Kwenye baiskeli nashuka na kuiweka baina yetu. Mara nyingi kinachomchokoza ni magurudumu na miguu inayozunguka, na vikisimama hamu inapungua. Kuinama kama unayeokota jiwe kunafaa kwa mbwa koko, kwa sababu amekulia kwenye kurushiwa mawe. Kwa mbwa wa ulinzi aliyekulia ndani ya uzio ni hatari, kwani jiwe halijui na wewe umemshushia uso wako. Fimbo siipungi hewani. Natanguliza mkoba, aung'ate huo. Akiwa ameshashika mkono, usiuvute, meno yatachana nyama. Kaza, mpe kitu kingine, ita watu. Ukianguka, lala kifudifudi, magoti tumboni, ngumi nyuma ya shingo, viwiko vifunike masikio, na unyamaze.

Kuhusu aina za mbwa, ubishi hauishi. Ni kweli kwamba Rottweiler au Boerboel akiuma madhara ni makubwa kuliko ya mbwa wa kienyeji, kwa ukubwa wa mwili na taya. Lakini sheria ya kutaja majina ya aina naiona ina pengo. Uingereza mwaka 1991 ilipiga marufuku pit bull terrier, tosa wa Kijapani, dogo Argentino na fila Brasileiro. Baadaye akaenea American XL Bully, asiyekuwa kwenye orodha, na ilibidi naye aongezwe mwishoni mwa 2023. Kwangu mimi, mwenye mbwa abanwe kwanza: uzio usio na tundu, geti linalojifunga, kizuizi cha mdomo akimtoa barabarani, na chanjo isiyopitwa na wakati. Mbwa anayefungwa mchana kutwa na kuchokozwa na watoto atakuwa hatari hata akiwa wa aina gani.

Huku kwetu kinachoua zaidi ni kichaa cha mbwa, na hicho hakichagui aina. Mchubuko mdogo wa jino uoshe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili huku ukitazama saa, kisha paka iodini. Usiweke pilipili, mafuta ya taa wala majani, na usikubali kidonda kishonwe haraka. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Chanjo hutolewa siku unayoanza, siku ya 3 na ya 7, na katika ratiba nyingine huongezwa siku ya 14 au 28. Kidonda kilichotoa damu huhitaji pia sindano ya kinga ya haraka, inayochomwa kwenye kidonda chenyewe, kwa hiyo iulizie. Watu hukatisha sindano kwa sababu kidonda kimepona, na hilo ni kosa baya: ugonjwa kwa kawaida hujitokeza baada ya miezi miwili au mitatu, na ukishajitokeza karibu hakuna anayepona.

Mbwa naye asiuawe kwa hasira. Afungwe na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima, daktari anaweza kusitisha sindano zilizobaki. Akifa, msimzike kabla ya kumwita afisa mifugo, maana kipimo hufanywa kwenye ubongo. Na aliyeumwa wiki kadhaa zilizopita akakaa kimya aende leo, chanjo bado inaanzishwa.